Karatasi ya Buluu, Pedi Kavu: Kisa cha Chupa Iliyodhaniwa Imepasuka

Mama alikuwa na ujauzito wa pili, wiki 30 na siku 4. Alifika wodi ya wazazi saa tatu asubuhi na maelezo mafupi: saa tano usiku alishtuka usingizini akakuta shuka limelowa. Hakusikia maumivu, hakuona damu, na mtoto alikuwa akicheza kama kawaida. Tangu hapo unyevunyevu ulikuwa unakuja na kuondoka, na pedi aliyoivaa alfajiri ilikuwa na doa dogo lisilo na rangi. "Sijui kama ni mkojo au ni chupa," alisema. Kazi yote iliyofuata ilikuwa kulijibu hilo: je, chupa, yaani mfuko wa maji unaomzunguka mtoto tumboni, imepasuka?

Mama huyu nimemtunga kwa ajili ya mafundisho, kwa kuunganisha mambo yanayojirudia katika wodi za wazazi. Hakuna mgonjwa mmoja aliye nyuma yake. Vipimo vilivyotumika, na namna vilivyokaribia kuwapotosha watu wenye akili timamu, havikuhitaji kutungwa.

Daktari wa zamu alifanya yale aliyofundishwa, kwa mpangilio. Joto 36.8, mapigo ya mama 84, ya mtoto 145, tumbo laini lisilouma likibonyezwa. Akaingiza spekulamu iliyotakaswa, chombo cha kupanulia uke ili aone ndani. Mlango wa kizazi ulionekana umefunga, kuta za uke zina ute mweupe mwepesi, na kwenye kona ya nyuma hapakuwa na dimbwi la maji. Akamwambia mama akohoe, hakikutoka kitu. Akagusisha karatasi ya nitrazini, nayo ikageuka kutoka njano kuwa buluu bila kusita. Akapaka majimaji kwenye kioo, akayaacha yakauke dakika kumi, akatazama kwa hadubini: hakuna michoro ya majani ya kangaga. Ultrasaundi ikaonyesha kwamba eneo lenye kina kikubwa zaidi cha maji kumzunguka mtoto lina sentimita 3.6. Kinachotia shaka huwa ni chini ya 2.

Kwa hiyo faili lilikuwa na karatasi inayosema ndiyo, kioo kinachosema hapana, na ultrasaundi isiyotaka kujiingiza. Daktari akaandika "chupa imepasuka kabla ya wakati", akaagiza sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto, antibiotiki na kitanda. Hakukosea kuogopa. Mkunga mkuu alisoma faili akasema, "Daktari, kabla hatujachoma sindano, nipe dakika kumi na huyu mama."

Tusimame hapo kwanza, maana bila kujua gharama ya kukosea hatutajua kwa nini dakika kumi zilikuwa na thamani. Chupa ikipasuka kabla ya wiki 37, jambo ambalo kwa takwimu za Marekani hutokea katika asilimia 2 hadi 3 ya mimba, mlango unaokuwa umemkinga mtoto na vijidudu umefunguka. Angalau nusu ya akina mama hawa hujifungua ndani ya wiki moja. Kuna maambukizi ya chupa na kizazi, kuna kitovu kutangulia au kubanwa, na kuna mtoto njiti ambaye mapafu yake hayajawa tayari. Ukimrudisha nyumbani mama wa namna hii kwa kuamini ni mkojo, unaweza kumpokea tena akiwa na homa na mtoto asiyecheza.

Kosa la upande wa pili halipigi kelele, ndiyo maana hufanyika kwa wepesi. Mama ambaye chupa yake ni nzima analazwa kwa wiki kadhaa, anapewa antibiotiki za siku kumi zisizo na kazi, na anachomwa steroidi, ile sindano ya kukomaza mapafu, wakati usio wake. Faida ya steroidi huwa kubwa pale mtoto anapozaliwa kati ya saa 24 na siku 7 baada ya dawa. Ukizitumia wiki ya 30 kwa chupa isiyopasuka, wiki ya 33 ukizihitaji kweli utakuwa unajadili kama inafaa kurudia. Na wapo waliowahi kuanzishiwa uchungu kwa ajili ya karatasi iliyogeuka rangi.

Sasa tuichukue karatasi yenyewe. Nitrazini haijui maji ya uzazi. Inajua asidi tu. Uke wa mjamzito kwa kawaida una pH (kipimo cha asidi, ambacho hupanda asidi inapopungua) kati ya 3.8 na 4.5, na maji ya uzazi yana kati ya 7.1 na 7.3. Karatasi inageuka buluu pH inapopita takribani 6 au 6.5. Mantiki yake ni nzuri, ila chochote chenye kupunguza asidi kitaigeuza: damu, shahawa, baadhi ya sabuni za kuua vijidudu na vilainishi vinavyopakwa kwenye vifaa, mkojo wenye alkali, maambukizi ya trikomonasi, na ule mvurugiko wa bakteria za uke unaoleta harufu kama ya samaki. Ndiyo maana karatasi hii huwakosa wachache miongoni mwa waliopasuka chupa kweli, lakini huwatuhumu wengi wasio na kosa. Katika taarifa zilizochapishwa, uwezo wake wa kuwatambua walio salama umetajwa kuwa chini kabisa kama asilimia 16, na juu kabisa asilimia 70.

Mkunga alivuta pazia, akaketi, akauliza maswali ambayo kwenye fomu hayana kisanduku. Mama alikuwa amekutana na mumewe saa tatu usiku huohuo? Ndiyo. Alikuwa na ute unaonuka? Ndiyo, kwa wiki mbili, lakini hakusema kwa sababu hakuulizwa na aliona aibu. Mkojo humtoka akicheka au akipiga chafya? Tangu mwezi wa sita, ndiyo. Shuka lilinuka nini? Hapo mama alifikiri kidogo. "Halikunuka mkojo," akasema. "Ila sikulichunguza sana, niliogopa."

Majibu mawili ya kwanza yaliifanya karatasi ya buluu ipungukiwe uzito karibu wote. Shahawa zina pH ya juu kuliko 7, na zinaweza kubaki ukeni kwa saa kadhaa. Jibu la mwisho, hata hivyo, lilizuia mtu yeyote kupumua kwa raha. Wapo wanaosikia kisa hiki wakadhani mkunga alishinda hapo. Hakushinda. Alichofanya ni kuuondoa ushahidi mbovu mezani, na ushahidi mbovu ukiondoka kinachobaki ni kutojua. Chupa nzima haijathibitishwa.

Na kioo? Maji ya uzazi yana chumvi na protini, na yakikauka kwenye kioo chumvi hujipanga kwa michoro inayofanana na majani ya kangaga. Ukiiona ikiwa wazi, unaamini. Usipoiona, inategemea kioo kilitengenezwa vipi. Majimaji yachukuliwe kwenye kona ya nyuma ya uke, si kwenye mlango wa kizazi, kwa sababu ute wa mlango nao unaweza kuchora kangaga zake. Yaachwe yakauke yenyewe. Alama ya kidole kwenye kioo huweza kudanganya upande mmoja. Damu, au pamba iliyochovya kiasi kidogo mno, hudanganya upande mwingine. Kwa mama ambaye uchungu haujaanza, kipimo hiki kimeripotiwa kugundua takribani asilimia 51 tu ya waliopasuka, na kuwatambua walio salama kwa asilimia 70. Uchungu ukiwa umeanza takwimu hizo hupanda hadi 98 na 88, lakini nani anahitaji hadubini wakati maji yanatiririka na mtoto anashuka? Kipimo kinafanya kazi vizuri zaidi pale kinapohitajika kidogo zaidi. Kwa mama wetu, kioo kisicho na kangaga kilikuwa na uzito mdogo, na daktari alikuwa sahihi kutokitegemea ili kumrudisha nyumbani.

Ultrasaundi tuipitie haraka. Maji yakiwa machache, yanaweza kuwa yamevuja, au figo za mtoto hazizalishi mkojo wa kutosha, au kondo la nyuma limechoka. Maji yakiwa ya kawaida, tundu dogo lililo juu ya kizazi bado linawezekana. Picha inasaidia kuimarisha simulizi lililopo, haiwezi kulianzisha.

Tuliyo nayo hadi hapa ni vipimo vitatu vinavyoonekana kupingana, na watu wengi hukosea hapa kwa kuvihesabu kama kura. Havikupinga kitu. Karatasi iliulizwa kuhusu asidi, ikajibu kweli: asidi imepungua. Kioo kiliulizwa kuhusu chumvi, kikajibu: sijaiona kwenye tone hili. Ultrasaundi iliulizwa wingi wa maji. Hakuna hata kimoja kilichoulizwa kama chupa imepasuka, kwa sababu hakuna kati ya hivi kinachoelewa swali hilo.

Kundi jipya la vipimo linakaribia swali zaidi kwa kutafuta protini iliyojaa kwenye maji ya uzazi na adimu ukeni. Mbili zinazotumika sana ni PAMG-1 na IGFBP-1. Tofauti ya viwango ndiyo nguvu yake: PAMG-1 katika maji ya uzazi huwa kati ya nanogramu 2,000 na 25,000 kwa mililita, ilhali katika majimaji ya kawaida ya uke na mlango wa kizazi ni chini ya robo nanogramu. Kipimo kimewekwa kigundue kuanzia 5. Pengo kubwa namna hiyo huacha nafasi finyu ya kubabaika. Shahawa na mkojo havigeuzi majibu. Damu nyingi inaweza. Kwa kipimo cha PAMG-1 hata spekulamu haihitajiki: kijiti cha pamba huingizwa ukeni sentimita 5 hadi 7, kinakaa dakika moja, kinazungushwa kwenye kichupa cha dawa dakika moja, kisha ukanda unachovywa na kusomwa ndani ya dakika 5 hadi 10. Mstari mmoja, hapana. Miwili, ndiyo, hata kama wa pili ni hafifu.

Wodi ilikuwa na kipimo hicho kabatini. Kilifanywa saa sita mchana. Mstari mmoja.

Daktari, ambaye hadi hapo alikuwa amenyamaza, aliuliza swali bora kuliko yote ya siku hiyo: "Ni saa ya ngapi tangu shuka lilowe?" Ilikuwa ya 13. Maelezo yanayofungwa pamoja na kipimo cha PAMG-1 yanatahadharisha kwamba sampuli ikichukuliwa saa 12 au zaidi baada ya chupa kupasuka, mara chache mpasuko unaweza kukosekana, kwa sababu mtoto ameziba tundu au utando umejifunga wenyewe. Kama mama angepimwa alipofika, ilikuwa saa ya 10. Saa tatu zilikuwa zimeliwa na mabishano juu ya karatasi. Nadhani kama kuna kosa moja la kusahihisha katika siku ile, ni hilo: kipimo chenye jibu bora kiliwekwa mwisho wa foleni, na vipimo dhaifu vikatangulia kwa mazoea.

Hata hivyo jibu hasi halikuwa bure. Tuchukue akina mama 100 wenye simulizi lenye utata kama hili, wasio na dimbwi la maji, na tukadirie kwamba 20 kati yao chupa imepasuka kweli. Hizi ni namba za kukokotolea tu. Tuseme karatasi ya nitrazini inagundua asilimia 90 ya waliopasuka na inawatambua asilimia 60 ya walio salama. Itakuwa buluu kwa 18 waliopasuka, na buluu pia kwa 32 walio salama. Kati ya karatasi 50 za buluu, 18 ndizo za kweli. Mtu anayelaza wote kwa buluu peke yake anakosea mara nyingi kuliko anavyopatia. Sasa kipimo cha protini, na tukipe asilimia 95 kwa pande zote mbili, kwa uchoyo kidogo: kitaonyesha mistari miwili kwa 19 waliopasuka na 4 walio salama, na mstari mmoja kwa 77, ambao kati yao aliyepasuka ni mmoja. Mmoja kati ya 77 ni habari njema sana. Si sifuri, na mama aliyepimwa saa 13 baadaye yuko karibu na huyo mmoja kuliko wenzake.

Kwa sababu hiyohiyo, mnamo Agosti 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwaandikia watoa huduma kuwakumbusha kwamba vipimo hivi visitumiwe peke yake kufanya uamuzi. Na mwongozo wa mwaka 2015 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotunga miongozo ya tiba, kwa mimba ambazo hazijatimia, umepanga mambo kwa utaratibu ninaoupenda: anza na spekulamu, ukiona dimbwi, usipime kitu kingine, usipoliona, fikiria PAMG-1 au IGFBP-1, nitrazini usiitumie kabisa, na jibu lolote lisomwe pamoja na hali ya mama na historia yake. Marekani bado karatasi na kioo vimo katika mafundisho. Mimi siitupi karatasi mahali pasipo na kingine, lakini buluu yake naichukulia kama sababu ya kuuliza maswali ya mkunga, si kama jibu la kuandika kwenye faili.

Kulikuwa na njia ya mwisho iliyotajwa mezani na kuachwa: kuingiza rangi ya indigo karmini kwenye maji ya mtoto kwa sindano kupitia tumboni, kisha kungoja nusu saa kuona kama pamba iliyo ukeni inageuka rangi. Ni jibu la uhakika, lakini unatoboa chupa ili kujua kama imetoboka, na sindano yenyewe ina hatari zake. Methilini ya buluu isitumike badala yake, kwani imehusishwa na kuharibika kwa damu ya mtoto. Kwa mama mwenye maji ya sentimita 3.6 na kipimo cha protini hasi, hakuna aliyeona haja.

Walichofanya kilikuwa cha bei rahisi zaidi ya vyote na kilichukua muda zaidi. Mama alivaa pedi safi nyeupe, akaambiwa atembee, aketi, alale, akohoe, na asitupe pedi hata moja. Hakuna aliyeingiza kidole ukeni, kwa kuwa kama kuna mpasuko, kidole hupeleka vijidudu juu na kufupisha muda wa mtoto kubaki tumboni. Ute ulichukuliwa, ukathibitisha mvurugiko wa bakteria, akaanza dawa ya metronidazo. Steroidi zilisubiri. Joto lilipimwa kila baada ya saa nne. Usiku wa manane alipiga chafya na kuita kwa hofu. Pedi ilikuwa na unyevu wa njano wenye harufu ya mkojo, na mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu afike. Asubuhi, baada ya kulala chali nusu saa ili kama kuna maji yakusanyike, spekulamu ilirudiwa. Kona ya nyuma ilikuwa kavu. Ultrasaundi: sentimita 3.8.

Akaruhusiwa, na maelezo aliyopewa hayakuwa "rudi ukiona tatizo". Alitajiwa vitu: maji yanayoendelea kutoka hata baada ya kukojoa, pedi inayolowa bila harufu ya mkojo, rangi ya kijani au damu, homa, tumbo kuuma, mtoto kupunguza kucheza. Aliambiwa pia kwamba jibu la jana ni la jana. Nalisisitiza hilo kwa sababu mama aliyewahi kuambiwa "chupa yako nzima" huweza kukaa nyumbani na maji yanayovuja kweli wiki mbili baadaye, akiamini ameshapimwa.

Huyu hakukaa. Alirudi wiki ya 33 na siku 2, usiku, maji yamefika kwenye viatu. Spekulamu ilipoingia, kona ya nyuma ilikuwa imejaa maji maangavu, na alipokohoa yalionekana yakitoka kwenye mlango wa kizazi. Mwanafunzi aliyekuwa zamu alikwenda kabatini akarudi na kijiti cha PAMG-1 mkononi. Mkunga mkuu akamwambia, "Rudisha, mwanangu. Unataka kukiuliza nini?"

Safari hii sindano ya steroidi, deksamethasoni, ilichomwa bila mjadala, ikiwa ya kwanza katika mimba ile. Alianzishiwa antibiotiki ya erithromaisini miligramu 250 mara nne kwa siku, kwa muda usiozidi siku 10. Mchanganyiko wa amoksilini na klavulaniki uliepukwa, kwa kuwa utafiti wa ORACLE uliochapishwa 2001 ulihusisha dawa hiyo na ugonjwa hatari wa utumbo kwa watoto wachanga. Salfeti ya magnesiamu, ya kulinda ubongo wa mtoto, hakupewa kwa sababu wiki 32 zilikuwa zimeshapita. Alijifungua siku ya tano, mtoto akalia mwenyewe.

Daktari wa zamu bado ana maoni yake. Anasema inawezekana chupa ilitoboka kidogo wiki ya 30, sehemu ya juu, ikajifunga, na pale palipojifunga ndipo palipoachia wiki ya 33. Mkunga anamjibu kwamba pedi za wiki mbili na siku tano, ambazo mama alizihesabu kwa daftari, zilikuwa kavu isipokuwa siku za chafya. Kondo la nyuma na utando wake walivichunguza pamoja baada ya kujifungua, wakaona mpasuko mmoja mkubwa, ule ambao mtoto alipitia, na utando ukiwa katika hali hiyo hauwezi kuwaamulia nani alikuwa sahihi.